Waya Uliotupita Juu ya Vichwa

Siku moja kijiweni Kiwira, jirani na wauza ndizi, dogo mmoja aliuliza: "Hivi simu ya waya ilikuwaje?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Swali lile lina historia ndani yake, na historia hiyo inataka kuzikwa bila matanga.

Enzi za Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, na baada ya Jumuiya kuvunjika 1977 tukabaki na Shirika la Posta na Simu Tanzania, simu ilikuwa kitu cha ofisi. Ukitaka kuongea na ndugu yako aliyeko Dar es Salaam, unakwenda posta, unaeleza shida yako, unakaa kwenye benchi. Opareta anachomeka waya hapa, anachomoa pale, anaita mji unaofuata. Ndiyo maana wengi waliona heri simu ya maandishi, iliyolipiwa kwa kuhesabu maneno. "Baba mahututi njoo." Maneno matatu tu, na mtu anafunga safari usiku ule ule. Sisi tunaojifunza kuandika tuna la kujifunza hapo.

Marehemu babu yangu alizoea kusema kwamba nguzo za simu ziliandamana na barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, zikapita mbele ya migomba yake, lakini yeye hakuweka simu sikioni hata siku moja. "Mjukuu wangu, waya ulitupita juu ya vichwa."

Mzee hakutia chumvi. Mwaka 2000 laini za mezani nchi nzima hazikufika laki mbili. Sensa ya 2002 ilihesabu watu zaidi ya milioni 34. Piga hesabu mwenyewe: haifiki hata simu moja kwa watu mia. Kila laini ilitaka nguzo, waya wa shaba na nafasi kwenye mtambo, basi watu walijaza fomu wakasubiri mpaka wakasahau. Ajabu yenyewe ni kwamba shaba ya Zambia ilikuwa ikipita Tunduma na Mbeya kila siku kwenda bandarini, na tangu 1976 ikawa na reli yake, TAZARA!

Shirika likagawanywa, TTCL ikaanza kazi 1994. Mwaka huo huo Mobitel ikaleta simu za mkononi Dar es Salaam, na mwaka 2000 ikaja Vodacom. Foleni ya kusubiri waya ikafa yenyewe. Hakuna aliyetangaza msiba.

Wenzetu wa Ulaya mambo yao tofauti. Uingereza imepanga kuzima mtandao wake wa zamani wa simu za mezani Januari 2027, na Ufaransa imejiwekea 2030 kumaliza shaba. Wao wanaaga kitu kilichokuwa karibu kila nyumba. Sisi tunaaga kitu ambacho wengi wetu hatukukaribishwa.

Kwa nini shaba iondoke? Shaba hubeba umeme, na nguvu yake hufifia njiani. Intaneti ya ADSL huchoka kilomita kama tano tu kutoka kwenye mtambo. Tena wezi huikata wakauze chakavu. Faiba ni uzi wa kioo unaobeba mwanga. Unaweza kumfikia mteja aliye kilomita 20, na radi za Rungwe haziutetemeshi. Lakini tuseme kweli, shaba ilikuwa na wema wake: simu ilipata umeme kutoka betri za mtambo, kwa hiyo hata nyumba ikiwa gizani simu ililia. Faiba inataka umeme pale pale nyumbani. Kwetu, ambako mvua kubwa ikipiga taa huzimika, hilo si jambo dogo.

Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia baharini, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa ukaanza. Mkongo huo umefika hadi Kasumulu, mpakani na Malawi. Nayo barabara ya kutoka Mbeya kwenda Kasumulu ni hii hii ya Kiwira na Tukuyu. TTCL ina mradi unaoitwa Faiba Mlangoni Kwako. Jina zuri. Lakini mlango wa nani? Wa hoteli na benki, au pia wa zahanati, wa shule ya kata, wa mkulima wa viazi kule bondeni?

Wanangu wa kalamu, maopareta wa zamani na mafundi waliopanda nguzo wanazeeka. Waliosubiri kwenye mabenchi wanazeeka pia, na majina yao hayamo kwenye kumbukumbu za shirika lolote. Chukueni daftari, mkawaulize. Tukijua ni nani aliyepitwa jana, tutajua cha kudai leo. Waya wa kwanza ulitupita juu ya vichwa. Huu wa pili usije ukatupita chini ya miguu, nasi tumesimama juu yake tukipiga soga.