Utando wa bakteria

Nomino, ngeli ya U-ZI. Wingi: tando za bakteria.

Jamii ya bakteria walioshikamana juu ya jiwe, jino, bomba au mpira wa mkojo, huku wakizungukwa na ute walioutoa wenyewe. Ute huo una sukari changamano, protini na DNA iliyo nje ya seli.

Jina limetokana na kitenzi -tanda. Linafaa kuliko filamu ya kibiolojia, ambayo humpeleka msomaji kwenye sinema. Ukoga nao ni utando wa bakteria, lakini wa meno tu. Ute hutaja kinachotolewa, si jamii nzima.

Ugumu huanza protini zinapotajwa. Msomaji wa biolojia akikutana na kirai protini za utando hufikiria protini zilizomo katika utando wa seli, yaani ngozi nyembamba inayozunguka kila seli. Protini zinazoujenga utando wa bakteria ziko nje ya ngozi hiyo. Katika Vibrio cholerae, bakteria wanaosababisha kipindupindu, RbmA huunganisha seli na seli. Bap1 huutia utando nanga pale ulipojengwa. Nayo RbmC, pamoja na Bap1 na sukari, hufunika vishada vya seli mithili ya gamba. Escherichia coli hufuma nyuzi imara kwa protini CsgA. Bacillus subtilis, wakazi wa udongoni, huuvika utando wao protini BslA inayokataa maji, hata matone yakateleza juu yake. Vimeng'enya pia ni protini: katika ukoga, vile vya Streptococcus mutans hugeuza sukari ya mezani kuwa glukani zinazonata.

Tofauti hii ina uzito katika maandishi ya tiba. Sentensi "Dawa huvunja protini za utando" yaweza kueleweka kwamba dawa hupasua seli na kuziua. Kumbe kimeng'enya kinachokata protini za nje hubomoa makazi tu; bakteria wanaoachiwa wanaweza kuwa hai bado, wakahamia kwingine na kujenga upya. Mtafsiri aandike protini zinazojenga utando wa bakteria, ingawa ni maneno mengi, au protini za ute iwapo utando wenyewe umekwisha kutajwa. Kwa upande wa seli, kiwambo cha seli huondoa utata, mradi kitumike tangu mwanzo wa matini hadi mwisho.

Vitenzi navyo husaidia. Utando wa bakteria hujengwa, hukomaa na hubomoka. Kiwambo cha seli hutobolewa au hupasuka.

Mifano: (1) Protini zilizokatwa ziliufanya utando ubomoke, lakini seli nyingi zilibaki hai. (2) Dawa ilitoboa kiwambo cha seli, bakteria wakafa ndani ya utando usiobomoka.