Nje ya Mlango: Historia ya Baraza, Kiwanda na Gereji katika Makazi ya Waswahili

Utangulizi

Historia ya nyumba za mwambao wa Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kutazama yaliyomo ndani: vidaka vya plasta iliyonakshiwa, milango ya kuchongwa, na vyumba vya ndani pamoja na miiko yake. Sehemu zilizo nje ya mlango, au zilizo wazi kwa hewa na jua, mara nyingi hutajwa kwa kupita tu, kana kwamba ni viambatisho vya nyumba yenyewe. Msamiati wa Kiswahili unatoa picha tofauti. Maneno mawili yanayobeba asasi kubwa za dola na uchumi wa leo, yaani baraza na kiwanda, yalikuwa majina ya sehemu hizo za nje kabla ya kuwa majina ya vyombo vya kutungia sheria na mahali pa kuzalishia bidhaa. Neno la tatu, gereji, liliingia katika karne ya 20 likiwa jina la sehemu ya nyumba, nalo likatoka nyumbani kwenda kazini.

Makala haya yanafuatilia safari ya maneno hayo matatu sambamba na mabadiliko ya nyumba yenyewe. Hoja yake ni kwamba katika miji ya Waswahili kuitengeneza nje ya nyumba hakukuwa pambo. Kulikuwa ni kutoa sehemu ya milki ya mtu binafsi ili itumiwe na watu wengine, na ndiyo maana majina ya sehemu hizo yaliweza kubeba maana za umma. Pale ukuta na geti vinapochukua nafasi ya baraza, kinachopotea ni ule msingi wa kimaisha ulioyapa maneno hayo maana zake.

Baraza: kiti cha mwenye nyumba, kiti cha mpita njia

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, baraza ni benchi la mawe ya matumbawe na chokaa lililojengwa kuungana na ukuta wa mbele wa nyumba, pande mbili za mlango au kando ya ukuta wote. Kazi zake ni nyingi kwa wakati mmoja. Linakinga shina la ukuta. Mvua kubwa inapojaza maji vichochoroni, linakuwa njia ya juu ya wapita kwa miguu. Jioni linakuwa mahali pa kahawa, bao, habari na mabishano. Katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, baraza lilipatikana kwa kuinua msingi wa udongo na mawe hadi nje ya ukuta, kisha kuurefusha upenu wa paa na kuuegemeza juu ya nguzo. Hivyo mwenye mali na asiye na mali walijenga baraza, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake.

Neno lenyewe huelekezwa kwenye mzizi wa Kiarabu b-r-z, wenye maana ya kujitokeza au kutoka mahali pa faragha na kuonekana. Kiswahili kina pia kitenzi barizi, yaani kukaa na watu barazani kwa mazungumzo. Jozi hii ni muhimu kwa historia. Jina linaonyesha mahali, na kitenzi kinaonyesha kwamba kukaa mahali hapo kulihesabiwa kuwa tendo lenye utaratibu wake. Mtu anayekaribia mlango hupiga hodi na kungoja kukaribishwa. Mtu anayekaribia baraza hutoa salamu na kukaa. Tofauti ya hodi na salamu ndiyo mpaka halisi wa nyumba, na mpaka huo hauko kwenye ukingo wa kiwanja bali kwenye kizingiti.

Edward Steere, katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja kilichochapishwa mwaka 1870, analieleza neno hili kwa mpangilio wenye maana. Anaanza na benchi la mawe lililo nje ya nyumba au ukumbini, ambapo mwenye nyumba huketi hadharani na kupokea marafiki, kisha ndipo anapofika kwenye kikao cha Sultani na shauri linalofanyika humo. Kwa hiyo kufikia wakati huo maana zote mbili zilikuwapo, lakini ya pili ilieleweka kwa kutegemea ya kwanza. Sultani aliyeketi barazani alifanya jambo ambalo kila mwenye nyumba alilifanya, ila yeye alilifanya kwa ajili ya mji mzima.

Utawala wa kikoloni ulilichukua neno na kuugeuza mwelekeo wake. Katika Kenya ya kikoloni, baraza lilikuwa mkutano ulioitishwa na chifu au ofisa wa wilaya ili kusomewa amri, kodi na matangazo. Gazeti lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939 kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili lilipewa jina hilohilo, Baraza. Katika baraza la awali, mwenyeji ndiye aliyekuwa na wajibu: yeye alitoa kiti, kivuli na kahawa. Katika baraza la serikali, wajibu ulihamia kwa aliyeitwa. Baada ya uhuru neno likapanda ngazi: Baraza la Mawaziri, Baraza la Mapinduzi la mwaka 1964, Baraza la Kiswahili la Taifa la mwaka 1967, na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar la mwaka 1980. Benchi la mawe halikufutika. Kai Kresse, katika utafiti wake wa mwaka 2007 juu ya fikra na falsafa mjini Mombasa, anaonyesha kwamba mazungumzo ya barazani yamebaki kuwa uwanja wa hoja nzito, si porojo za kupitishia wakati.

Kiwanda: uwazi ulio ndani ya kuta

Ikiwa baraza ni sehemu ya nje inayotazama njia, kiwanda ni sehemu ya nje iliyofichwa. Tafiti za Usam Ghaidan (1975) na James de Vere Allen (1979) kuhusu nyumba za mawe za Lamu zinaeleza mpangilio unaomchukua mgeni hatua kwa hatua. Kutoka njiani anaingia daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe. Kisha anapita tekani, sehemu iliyopinda ili jicho la mpita njia lisifike ndani. Ndipo anapofika kiwanda, ua ulio wazi juu, unaoleta mwanga na hewa kwa misana miwili, yaani msana wa tini na msana wa yuu, na hatimaye ndani, chumba cha faragha kuliko vyote.

Kimofolojia, kiwanda linahusiana na uwanda, eneo tambarare lililo wazi. Kiambishi ki- kinaashiria udogo, hivyo kiwanda ni uwanda mdogo uliozungushiwa kuta. Lakini uwazi huo haukuwa mtupu. Uani ndipo zilipofanyika kazi za nyumbani zilizohitaji mwanga na nafasi: kutwanga, kusuka mikeka, kufua, kupika. Palipo na nafasi ya wazi palikuwa mahali pa kazi, na neno likachukua kazi hiyo pamoja nalo. Katika karne ya 19 kiwanda lilikuwa tayari linatumika kwa karakana ya fundi vilevile kwa ua na kipande cha ardhi. Karne iliyofuata ililikabidhi mitambo na moshi, na leo anayesikia kaulimbiu ya Tanzania ya viwanda hafikirii ua wa nyumba ya Lamu.

Kuna jambo la kijinsia hapa ambalo historia ya neno inalificha. Baraza lilikuwa hasa la wanaume na kiwanda kilikuwa hasa cha wanawake. Jina la mahali pa mazungumzo ya wanaume likawa jina la vyombo vya utawala. Jina la mahali palipofanyiwa kazi na wanawake likawa jina la uzalishaji, lakini wanawake wenyewe wakaachwa na neno uani, ambalo katika matumizi ya adabu lilikuja kumaanisha hata msalani. Lugha ilikipandisha hadhi kiwanda bila kuipandisha kazi iliyokizaa.

Fasihi nayo ilitambua uzito wa sehemu hizi. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anayatumia magofu ya Pate kama funzo la kupita kwa dunia, na vidaka vilivyopangwa vyombo vya thamani vinageuka viota vya ndege. Nyumba iliyokufa katika utenzi huo ni nyumba isiyo na wa kuitika. Uharibifu wa jengo unapimwa kwa kukosekana kwa watu na ukarimu wao, wala si kwa kuanguka kwa kuta peke yake.

Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam

Dar es Salaam, sehemu hizi mbili zilikutana katika umbo jipya. Nyumba inayojulikana kama nyumba ya Kiswahili, iliyoenea Kariakoo, Ilala na Magomeni, ina ukumbi wa katikati wenye vyumba vitatu kila upande, baraza mbele, na ua nyuma wenye jiko, stoo, bafu na choo. Paa la makuti liliondoka, bati likaingia. Udongo ukapakwa saruji, kisha ukabadilishwa kwa matofali ya saruji. Vifaa vilibadilika ilhali ramani ilibaki.

Ubora wa ramani hii ulikuwa katika kuruhusu watu wasio ndugu kuishi pamoja. Chumba kimoja kilitosha kwa familia ya mpangaji kwa sababu maisha hayakufanyika chumbani. Uani wapangaji walipika na kufua kwa zamu, na barazani wakapokea wageni ambao chumba kisingewatosha. Baraza na ua ndivyo vilivyoifanya nyumba ya vyumba sita iwe makazi ya kaya kadhaa. Aliyejenga baraza pana zaidi hakuongeza kodi moja kwa moja, bali aliongeza uwezekano wa watu kuvumiliana.

Gereji: sehemu ya nyumba iliyotoka nyumbani

Gari lilileta hitaji jipya. Katika maeneo yaliyotengwa kwa Wazungu, kama Oysterbay, nyumba ilisimama katikati ya bustani, mbali na barabara, na nyuma yake kukawa na gereji na boi kota. Neno gereji liliingia Kiswahili kutoka Kiingereza, ambacho nacho kilikuwa kimelitoa katika Kifaransa, likiwa na maana ya chumba cha kuwekea gari.

Hata hivyo, Kiswahili hakikulipokea neno kwa maana hiyo peke yake. Katika matumizi ya kawaida, anayesema anakwenda gereji anakwenda kwa fundi. Chumba cha gari nyumbani huitwa mara nyingi banda la gari. Badiliko hili linafuata njia ileile iliyopitwa na kiwanda: sehemu ya makazi inakuwa mahali pa kazi. Sababu yake ni ya kijamii. Waliokuwa na nyumba zenye chumba cha gari walikuwa wachache, lakini waliojua kutengeneza gari, au walioletewa gari watengeneze, walikuwa wengi. Fundi hakuhitaji chumba; alihitaji kivuli cha mwembe, ardhi isiyotuama maji, na mahali ambapo mteja ataona kazi ikifanyika. Nchini Kenya jina jua kali, linalotokana na kazi ya mafundi wasio na paa juu yao, linathibitisha uhusiano huo wa kazi na uwazi. Gereji ya chini ya mti ina hata benchi lake, ambapo wateja na wapita njia hukaa kubarizi.

Ukuta, fremu na geti

Tangu nusu ya pili ya miaka ya 1980, biashara ilipolegezewa masharti nchini Tanzania, baraza la mbele limekuwa na thamani ya fedha. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam limezibwa na kuwa fremu za maduka. Katika vitongoji vipya nyumba hujengwa nyuma ya ukuta mrefu, na nafasi ya mbele inawekwa vitofali vya sakafu kwa ajili ya gari. Mabadiliko haya yana sababu za kweli. Mwenye nyumba anahitaji kipato, wizi ni hofu halisi, na gari ni mali inayohitaji ulinzi. Hayawezi kuelezwa kama upotovu wa maadili tu.

Lakini gharama yake inaonekana katika lugha. Mtoto aliyekulia nyuma ya geti hukutana na neno baraza kwanza katika taarifa ya habari. Kwake maana ya asili ni ya pili, kama si ya kale. Penye mageti mengi leo kuna benchi la mlinzi, na wapita njia husimama hapo kusalimiana na kupumzika. Kazi ya baraza haikufa. Imehamia kwa mtu asiye mwenye nyumba, ambaye anapokea watu kwa niaba ya wenyeji wasioonekana.

Hitimisho

Historia ya baraza, kiwanda na gereji inaonyesha kwamba maana za umma katika Kiswahili zilijengwa juu ya mawe, chokaa na udongo wa nyumba za watu. Kwa wanaleksikografia, hili linadai kwamba maana ya benchi na maana ya ua zisiandikwe mwishoni mwa kidahizo kana kwamba ni masalia, kwa kuwa ndizo zinazoeleza maana nyingine. Kwa wanaohifadhi Mji Mkongwe wa Zanzibar na Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 na 2001, linadai kwamba ulinzi wa mlango wa kuchongwa uende pamoja na ulinzi wa haki ya kukaa kando yake. Baraza lisilokaliwa na mtu ni ukuta uliojitokeza tu.