Usanifu si kupaka rangi

Kuna kibanda kimoja Mtera, karibu na bwawa, kando ya barabara ya Dodoma–Iringa, mahali ambapo basi likisimama tu abiria huletewa samaki mpaka dirishani. Kijana mwenye kibanda alikuwa ameorodhesha kazi zake ubaoni kwa rangi nyekundu ya mafuta: tunachaji simu, tunarusha nyimbo, tunapiga picha za pasipoti, tunatengeneza tovuti. Mzee mmoja wa Kigogo alisoma taratibu mpaka mstari wa mwisho, akauliza kwa huruma kabisa: "Sasa mjukuu wangu, hiyo tovuti imeharibika wapi?"

Nilicheka, kisha nikaona mzee hana kosa. Kwa Kiswahili tunachokisema kila siku huku bara, kinachotengenezwa mara nyingi ni kile kilichokwisha kuharibika. Redio hutengenezwa, baiskeli hutengenezwa, na nyavu zinazochanwa na visiki vya miti iliyozama bwawani hutengenezwa pale pale mwaloni. Ukimwambia mtu unatengeneza kitu asichokijua, ana haki ya kukuuliza kilivunjika lini.

Kijana hakusomea chuoni. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina ndaki nzima ya mambo ya kompyuta, lakini yeye alianza na kitabu cha mtumba kilichochanika jalada, akaongezea masomo ya video anayoyapakua usiku wa manane bando likiwa nafuu. Kitabu cha Kiingereza, video za Kiingereza, na neno moja lililomfuata katika kila ukurasa: dizaini. Aliliacha hivyo hivyo, akidhani analielewa. Mtaani tunalo neno hilo tayari: dizaini ya gauni, dizaini ya kucha, dizaini ya geti. Yote hayo ni mapambo, kwa hiyo akaamini kwamba dizaini ya tovuti nayo ni mapambo.

Matokeo niliyaona siku aliponifungulia kazi yake ya kwanza, tovuti ya kuuzia samaki wa Mtera. Ilifunguka polepole, kiduara kikizunguka mpaka nikadhani simu imekwama. Kisha ikatokea picha kubwa ya ziwa lenye mlima wa theluji nyuma yake, maandishi yanayoingia yakielea kutoka kushoto, na picha ya pili ikasukuma ya kwanza. Alikuwa amefuatisha video hatua kwa hatua, hata mlima wa mwalimu wake akauchukua. Bei ya perege ilikuwa chini kabisa, baada ya kuburuza kidole mara saba. Namba ya simu haikuwepo.

"Kaka, si imependeza?" aliniuliza.

Ilipendeza. Ila haikuwa imesanifiwa.

Hapo ndipo istilahi inapokuwa na kazi ya kufanya. Kiswahili kimelipa neno dizaini wagombea kadhaa. Kuna kuchora na kuchora ramani, maneno ya mtu anayejenga nyumba. Kuna kubuni na ubunifu, yanayopendwa sana siku hizi: mbunifu wa mavazi, wiki ya ubunifu, hata bodi inayosajili wataalamu wa michoro ya nyumba inawaita wabunifu majengo, ingawa wengi wetu tulikua tukiwaita wasanifu majengo. Na kuna kusanifu na usanifu. Wahandisi wamelishika hili la mwisho bila kutetereka. Hakuna barabara Tanzania inayojengwa bila waziri kusema kwanza kwamba "upembuzi yakinifu na usanifu wa kina umekamilika", na barabara hii hii inayopita Mtera, kilomita kama 260 kutoka Iringa mpaka Dodoma, nayo ilipita hatua hizo kabla ya lami kumwagwa.

Mimi nasimama na wahandisi. Sina ugomvi na ubunifu, ni neno zuri, lakini limebeba harufu ya kuzua: hadithi ya kubuni ni ile ambayo haikutokea. Mbunifu husifiwa kwa kuleta ambacho hakijawahi kuonekana. Tovuti ya kuuzia samaki haihitaji kitu ambacho hakijawahi kuonekana. Inahitaji bei ionekane.

Usanifu una asili tofauti. Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, katika shina lenye maana ya aina: sinfu ni aina, na kitenzi chake ni kuainisha, kupanga vitu kwa aina zake, na kutoka hapo kutunga kitabu, kwa kuwa mtunzi ni mtu anayepanga. Ndiyo maana Kiswahili kilichoshughulikiwa na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kiliitwa Kiswahili sanifu: kilipangwa, kikachambuliwa, kikawekewa kanuni. Na hapa kuna jambo la kuchekesha. Vijana wa mjini wakitaka kusema "namna fulani" husema "dizaini fulani hivi". Bila kujua, wamelichukua neno la Kiingereza wakalirudisha kwenye aina, mahali pale pale alipoanzia Mwarabu.

Nilimwambia kijana tushuke mwaloni. Mtumbwi umeingia, samaki wamemwagwa, na akina mama wachuuzi hawakungoja maelekezo ya mtu: perege wakubwa huku, wadogo kule, kambale peke yao, waliopondeka pembeni wakakaangwe leo leo. Dakika chache tu, na mnunuzi anayefika anajua asimame wapi. "Huo ndio usanifu," nikamwambia. "Hakuna aliyepaka samaki rangi."

Bwawa lenyewe linafundisha hivyo hivyo. Mtera ilipokamilika haikuwa na mtambo wa umeme. Kazi yake ilikuwa kutunza maji ya Ruaha Mkuu ya masika ili yateremshwe taratibu kwenda Kidatu, ambako kituo cha megawati 204 kilihitaji maji mwaka mzima. Mitambo ya Mtera, megawati 80, ilikuja mwaka 1988. Walioisanifu walianza kwa kuuliza maji haya ni ya nani, yatahitajika wapi na lini. Ukuta ulifuata majibu. Mtu akijifunza kwa kufuatisha video huanza na ukuta.

Vitabu vizuri vya usanifu wa tovuti huanza kwa kutenganisha mambo mawili, habari na sura, na hapo naona Mtanzania aliyefika kidato cha nne ana mtaji asiojua kuwa anao. Tim Berners-Lee alipoanzisha kurasa za mtandao huko CERN, Geneva, pendekezo mwaka 1989 na tovuti ya kwanza 1991, kurasa zake zilikuwa maandishi na viungo tu. HTML yake ilieleza kipande hiki ni nini: hiki kichwa, hii aya, hii orodha. Rangi na sura hazikuwa kazi yake. Watu walipotaka urembo wakaanza kuuchomeka humo humo ndani ya maandishi, ikawa vurugu, mpaka Håkon Wium Lie alipopendekeza CSS, lugha ya kupangia sura, mwaka 1994, na kanuni zake za kwanza zikatolewa Desemba 1996. Kuanzia hapo habari ikakaa faili lake na sura ikakaa faili lake.

Sasa kumbuka darasa la fasihi. Mwalimu aligawa ubao mara mbili: upande huu maudhui, upande huu fani. Chini ya fani akaandika muundo, mtindo, na mengine. Tulikariri hayo kwa ajili ya mtihani, tukayasahau. Lakini maudhui ndiyo yale yale maandishi na picha za tovuti. Muundo ndio HTML, na mtindo ndio CSS. Hata herufi yake ya kati, ukiitafsiri, ni mtindo. Kijana wangu alikuwa amehangaika miezi na sura ya kitabu inayoeleza kwa nini mambo haya hutenganishwa. Nilipomwambia "hii ni fani na maudhui", alinyamaza, kisha akacheka kama mtu aliyeona miwani yake ipo kichwani. Wafasiri wa vitabu vya kompyuta wangeanzia kwenye ubao ule wa fasihi, wangejipunguzia kazi.

Si kila istilahi ina bahati hiyo. Kiungo, kwa mfano, kina kazi nyingi kupita kiasi: kiko mwilini, kiko kwenye pilau, kiko katikati ya uwanja kikigawa pasi. Ukisema "bonyeza kiungo", muktadha utakuokoa. Wavuti, kwa wanaolipenda, linabeba wavu ndani yake na wavuvi wa Mtera hulidaka mara moja, ila tovuti limekwisha kushinda. Serikali yenyewe ina Tovuti Kuu.

Na kuna mbinu ambayo Ethan Marcotte aliipa jina lake la Kiingereza mwaka 2010: ukurasa mmoja unaojipanga upya kulingana na upana wa kioo, simu au kompyuta. Wengine huuita usanifu itikivu. Mimi napendelea usanifu nyumbufu, kwa sababu kunyumbulika ni jambo la mwili, mtu analiona. Mtera ni bwawa lisilo na kina kirefu, maji yakipungua kiangazi ufuko husogea mbali, na mashamba ya mboga yakaufuata. Anayeishi kando yake hahitaji somo refu kuelewa kitu chenye kingo zisizotulia.

Neno nililolichagua lina dosari moja, na ni haki niitaje. Kumsanifu mtu, katika Kiswahili cha mitaani na cha pwani pia, ni kumsifu kwa kejeli, kumfanya mjinga. "Unanisanifu?" si swali la kitaalamu. Nikifikiria ile picha ya theluji juu ya bei ya perege, naona hata maana hii haikuwa mbali: mteja wa Dodoma aliyetaka namba ya simu akapewa mlima, kwa kweli alisanifiwa.

Kijana ameipanga upya tovuti yake. Juu kabisa kuna bei za leo, kisha namba ya simu, kisha siku anazopakia mzigo, na picha moja ndogo ya mtumbwi aliyoipiga mwenyewe. Ubao nao kaupaka upya. Alitaka kuandika "tunasanifu tovuti", nikamzuia kwa sababu ya yule mzee, asije akauliza tunamdhihaki nani. Nawe msomaji, kama una kazi hii na unataka kuitangaza barabarani, tumia nomino: usanifu wa tovuti. Kitenzi kiachie kitabuni.