Imamu Ahmad bin Hanbal mbele ya makhalifa wanne

Katika mwaka 833, sawa na mwaka 218 wa Hijra, Khalifa Maamun bin Harun Rashid, akiwa Raqqa kando ya mto Furati, njiani kwenda kupigana na Warumi, alimwandikia barua Is-haq bin Ibrahim, liwali wake wa Baghdad, akimwamrisha awakusanye makadhi na wapokezi wa hadithi wa mji ule, awaulize swali moja tu: Kurani imeumbwa au haikuumbwa? Atakayekiri kwamba imeumbwa aachwe na kazi yake. Atakayekataa, akiwa kadhi asihukumu tena, na akiwa shahidi ushahidi wake usipokelewe. Ndivyo ulivyoanza mtihani ambao wanahistoria wa Kiislamu huuita Mihna, na ambao, kabla haujakoma, ulipita katika zama za makhalifa watatu, ukawajaza watu magerezani na kuwaua baadhi yao.

Swali lenyewe halikuwa jipya. Jamaa wa Muutazila, waliokuwa mabingwa wa hoja na mantiki katika zama zao, walishika kwamba Mwenyezi Mungu peke yake ndiye wa tangu na tangu, na kwamba mwenye kusema Kurani nayo ni ya tangu na tangu amemwekea wa pili. Na Maamun, mtu wa elimu, mpenzi wa vitabu vya Wayunani na mlezi wa watarjumani, aliikubali kauli hiyo, akaitangaza katika mwaka 827, akiona kwamba itikadi ya wapinzani wake inafanana na ile ya Manasara juu ya Nabii Isa. Wapokezi wa hadithi kwa upande wao walisema kwamba Kurani ni maneno ya Mwenyezi Mungu, na maneno yake ni katika sifa zake, na sifa zake hazikuumbwa. Na wengi wao walichukia hata kulizungumza jambo ambalo Mtume na masahaba zake hawakulizungumza. Hitilafu ya namna hii ingaliweza kubaki msikitini, baina ya nguzo na nguzo, watu wakabishana hadi usiku na kuagana kwa salamu. Iligeuka kuwa msiba pale dola ilipoitia mkononi, ikaifanya kipimo cha nani atahukumu, nani atashuhudia, na mwishowe nani ataishi.

Watu saba wa mwanzo, miongoni mwao Yahya bin Main, mjuzi mkubwa wa hali za wapokezi, na Muhammad bin Saad, mtungaji wa kitabu mashuhuri cha tabaka za masahaba na waliowafuata, walipelekwa Raqqa kwa khalifa mwenyewe. Wote saba wakakubali, wakarejeshwa Baghdad, na kukubali kwao kukatangazwa ili wenzao wapate kuiga. Kisha Is-haq akawaita wengine, akawasomea barua mara mbili hata wakaifahamu, akamhoji mmoja baada ya mmoja. Mwanahistoria Tabari ameyahifadhi majibu yao, nayo yaonyesha jinsi mtu mwenye elimu anavyotafuta upenyo mbele ya mwenye nguvu. Bishr bin Walid, aliyepata kuwa kadhi, alisema Kurani ni maneno ya Mwenyezi Mungu. Akaambiwa hakuulizwa hilo; je, imeumbwa? Akajibu kwamba Mwenyezi Mungu ni muumba wa kila kitu. Akaulizwa, Kurani si kitu? Akasema ni kitu. Basi imeumbwa? Akasema, si muumba. Akaambiwa tena kwamba hakuulizwa hilo, naye akasema kwamba hana zaidi ya aliyokwisha kuyasema. Mwingine alisema kwamba akiamrisha Amiri wa Waumini, wao wasikia na watii. Ilipofika zamu ya Ahmad bin Hanbal, alisema ni maneno ya Mwenyezi Mungu, wala hazidishi juu ya hapo.

Ahmad wakati ule alikuwa na umri wa miaka 53. Alizaliwa katika mwaka 780, babake akafa yeye angali mdogo, akalelewa na mamake. Ujana wake aliumaliza safarini kutafuta hadithi, Kufa na Basra, Hijazi na Yemen, na Imamu Shafii alikuwa miongoni mwa walimu wake. Hakuwa na cheo serikalini wala hakukitaka. Riziki yake aliipata katika kodi ndogo ya nyumba za urithi.

Jawabu la Maamun lilirudi kwa ukali: wasiokubali wafungwe, wapelekwe kwake kambini. Walipoitwa mara ya pili wakakubali wote isipokuwa wanne, nao wakatiwa pingu. Siku ya pili mmoja wao, Sajjada, akalainika, akafunguliwa. Baada yake akafuata Qawariri. Wakabaki wawili, Ahmad na kijana mmoja aitwaye Muhammad bin Nuh, ambao walisafirishwa na minyororo yao kuelekea Tarsus. Hawajafika, ikaja habari kwamba Maamun amefariki, mwezi wa Agosti mwaka ule ule wa 833. Wakarudishwa, na njiani, katika mji wa Ana, Muhammad bin Nuh akafa kwa maradhi, Ahmad akamsalia. Alikuwa akisimulia baadaye kwamba hakupata kuona kijana wa elimu ndogo aliyesimama imara kuliko yule, na kwamba ndiye aliyemwambia: wewe si kama mimi, wewe ni mtu anayefuatwa, na viumbe wamekukodolea macho wakingoja utakalosema.

Maamun alikuwa amemwusia nduguye Muutasim aendeleze kazi ile, na Muutasim, aliyekuwa mtu wa jeshi zaidi kuliko mtu wa vitabu, aliurithi mtihani asioufahamu vyema. Ahmad alikaa gerezani Baghdad, kisha katika mwezi wa Ramadhani akaletwa mbele ya khalifa, mbele ya kadhi mkuu Ahmad bin Abi Duad na wanachuoni wa Muutazila, akajadiliwa kwa siku tatu. Kila walipomletea hoja, jawabu lake lilikuwa lile lile, kwamba wamletee kitu katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu au katika Sunna ya Mtume wake, naye atakisema. Wao wakaona huo ni ukaidi, yeye akaona hana kauli nyingine.

Siku ya tatu ikaletwa mijeledi. Wapigaji walikuja mmoja mmoja, kila mmoja akampiga mijeledi miwili kisha akampisha mwenziwe, ili mkono usichoke, na khalifa akiwahimiza wakaze. Baina ya zamu na zamu Muutasim alimsogelea, akamsihi atamke japo jambo dogo litakalompa sababu ya kumfungua kwa mkono wake mwenyewe. Hakulipata. Wapokezi wamehitilafiana juu ya idadi ya mijeledi, ila wameafikiana kwamba alizimia, na kwamba alipozindukana akaletewa kinywaji, alikataa kufuturu kwa kuwa alikuwa na saumu. Adhuhuri ikafika, akasali damu ikimtiririka ndani ya nguo. Na mtu mmoja alipomwuliza vipi yuasali katika hali ile, akamkumbusha kwamba Umar bin Khattab alisali na jeraha lake likibubujika. Aliachiliwa akarudi nyumbani, akaletewa tabibu aliyemkata nyama iliyokufa mgongoni. Mwanawe Salih amesimulia kwamba vidole gumba vya babake, vilivyoteguka, viliendelea kumuuma kila ikija baridi, hata achemshiwe maji. Na Ahmad alimsamehe Muutasim.

Sasa yafaa kuwatazama wale waliokubali, maana si haki kuwafanya wote waoga. Watu wa pwani tunayo methali isemayo kwamba mkono usioweza kuukata ubusu, na sheria yenyewe ina ruhusa katika mlango huu: Ammar bin Yasir aliteswa na makureshi hata akatamka neno la kufuru, na Kurani ikamwondolea lawama yule aliyelazimishwa ilhali moyo wake umetulia katika imani. Yahya bin Main na wenziwe waliitegemea ruhusa hiyo. Imepokewa kwamba walipomtajia Ahmad kisa cha Ammar aliwajibu kwa neno kali, kwamba Ammar alipigwa, nao waliambiwa tu kwamba watapigwa. Alikuwa mzito kwao baada ya hapo, na Yahya alipokwenda kumzuru katika ugonjwa wake hakumsemesha. Huenda msomaji akaona uzito huo umepita kiasi, wala hatakuwa peke yake. Walakini Ahmad alikuwa na hesabu nyingine, ambayo haikuhusu nafsi yake. Inasimuliwa kwamba mwanafunzi wake Marrudhi alimwendea katika siku zile za adha, akamkumbusha kwamba Mwenyezi Mungu amekataza mtu kujiua. Ahmad akamwambia atoke nje atazame. Marrudhi akatoka, akaukuta ua wa jumba la khalifa umejaa watu, kalamu na karatasi mikononi, wino tayari, wakingoja Ahmad atakachosema wakiandike. Akarudi akamwarifu, naye Ahmad akamwuliza kama ataka awapoteze watu wote hao. Mtu wa kawaida akitamka kwa ulimi asiloliamini moyoni, neno lake hupita na upepo. Mwanachuoni akilitamka, huandikwa, hunukuliwa, na kizazi kijacho hulisoma wala hakioni mjeledi uliolitoa.

Katika zama za Wathiq, aliyetawala kuanzia mwaka 842 hadi 847, mambo yalizidi. Ahmad alikatazwa kukutana na watu, akajificha. Katika mwaka 846 Ahmad bin Nasr al-Khuzai, mzee wa Baghdad aliyekuwa amekusanya watu dhidi ya dola, alihojiwa juu ya Kurani, akakataa, na khalifa akamwua kwa mkono wake, na kichwa chake kikatundikwa Baghdad. Hata mateka wa Kiislamu waliokuwa wakikombolewa kwa Warumi, mpakani kwenye mto Lamus, waliulizwa swali lile kwanza, na asiyekubali akaachwa katika utumwa wa maadui.

Mwaka ule ule alikufa mtu ambaye sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna nasaba naye ya elimu. Yusuf bin Yahya al-Buwaiti wa Misri ndiye aliyekalia kikao cha Imamu Shafii msikitini Fustat baada ya mwalimu wake kufariki katika mwaka 820. Aliletwa Baghdad juu ya nyumbu, kongwa la chuma shingoni na minyororo miguuni, akatiwa gerezani. Imesimuliwa kwamba kila Ijumaa, akisikia adhana, huoga, huvaa nguo zake, akaenda mpaka mlango wa gereza, na mlinzi akimrudisha humwambia Mola wake kwamba ameitika mwito nao wamemzuia. Alikufa akiwa na vyuma vyake. Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa katika mwaka 1331 aliwakuta watu wake wakishika madhehebu ya Shafii, na mpaka leo mwanafunzi wa chuoni Lamu au Unguja asomaye Minhaji ya Nawawi hushika kamba ambayo mkono wa Buwaiti ulipata kuishika.

Wala isidhaniwe kwamba Ahmad alikuwa mwasi. Katika siku za Wathiq baadhi ya mafakihi wa Baghdad walimwendea, wakamwambia kwamba hawamridhii tena khalifa huyu. Alijadiliana nao, akawataka wakanushe kwa nyoyo zao, wasivue mkono katika utii, wasiipasue fimbo ya Waislamu, wasimwage damu zao pamoja na damu za wengine. Mkono ule hakuubusu, wala hakutaka kuukata. Alimpa khalifa yaliyo ya khalifa, yaani amani ya mji na utii wa raia, na akamnyima jambo moja ambalo hakuona kuwa ni lake.

Mutawakkil, aliyeshika hatamu katika mwaka 847, aliukomesha mtihani hatua kwa hatua: alipiga marufuku mijadala ile, akauondoa ukoo wa Ibn Abi Duad katika ukadhi, akawafungua waliofungwa, na maiti ya Khuzai ikateremshwa ikazikwa. Kwa Ahmad huo ukawa mtihani mwingine. Khalifa alimpelekea dirhamu 10,000, naye akazigawa kwa maskini. Akamwita Samarra, akamkirimu kwa nyumba na meza ya vyakula, naye akafunga saumu mfululizo asije akavionja. Na wanawe walipopokea posho ya serikali alikosana nao. Alisema kwamba alisalimika na watu hawa miaka 60, na mwisho wa umri wake akaingizwa katika balaa lao. Wala Mutawakkil hakuwa mpole kwa kila mtu, maana katika mwaka 850 au 851 aliamuru kaburi la Imamu Husein huko Karbala libomolewe na mahali pake palimwe. Na mtu angalimwona Ahmad ameghafilika lau angalipokea mali ya mkono ule na kuiita ushindi wa Sunna. Alifariki Baghdad katika mwaka 855, na watu wasiohesabika wakamzika.

Huku kwetu, mas'ala yale yale ya Kurani yalikuwa na pande mbili kwa karne nzima na zaidi, kwa kuwa masultani wa Unguja walikuwa Maibadhi, na Maibadhi husema kwamba Kurani imeumbwa, ilhali raia wao wengi walikuwa Mashafii wasemao kinyume. Aghalabu hawakuulizana kwa nguvu. Unguja ilikuwa na kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kisunni, kila mmoja na watu wake. Palipovukwa mpaka, kisa kilifanana na cha Baghdad: Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, mwanachuoni wa Kishafii aliyezijibu waziwazi hoja za Kiibadhi, alitiwa gerezani na Sayyid Barghash, asitoke mpaka Sayyid huyo alipofariki katika mwaka 1888. Maarifa yake hayakupungua kwa kufungwa, wala hoja ya Kiibadhi haikupata nguvu kwa kumfunga.

Hasara kubwa katika kisa hiki iliwapata Muutazila wenyewe. Walikuwa watu wa akili, na baadhi ya hoja zao zilistahili kusikizwa. Lakini walipokubali kusaidiwa na mjeledi, watu waliacha kuzipima hoja wakaupima mjeledi, na madhehebu yao hayakurudi tena katika heshima iliyokuwa nayo. Mtawala aweza kumnyamazisha mtu, na aweza kumsemesha. Kumsadikisha hana njia isipokuwa ile ile waliyo nayo watu wote, nayo ni kukaa naye, kumweleza, na kumwacha aende zake ikiwa hakuridhika.