JKT: Deni la msomi tangu 1966

Wadau, Form Six wakimaliza mtihani wao mwezi Mei, majina hutoka na vijana wa miaka 18, 19 hutawanywa nchi nzima: Ruvu, Mafinga, Oljoro, Makutupora, Bulombora, Mlale. Ni kama miezi mitatu hivi ya mchakamchaka, kwata, jembe na "ndiyo afande" kabla vyuo havijafunguliwa. Mtaani tunawatania tu. Lakini ni wangapi tunajua kuwa jambo hili liliwahi kufukuzisha chuo kizima, karibu?

Jeshi la Kujenga Taifa lilizaliwa Julai 10, 1963, na kambi ya mwanzo ilikuwa Mgulani, Dar. Wazo lilitoka kwa vijana wa TANU. Mwanzoni lilikuwa la kujitolea: unalima, unajenga, unafundishwa kushika silaha. Wasomi hawakulisogelea. Kwa nini mtu mwenye digrii akalime wakati ofisi inamsubiri?

Mwaka 1966 serikali ikaamua liwe la lazima kwa wahitimu wa Form Six, vyuo na chuo kikuu. Miaka 2: miezi michache kambini, iliyobaki unafanya kazi yako ya kawaida huku ukipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu wakiwa na majoho yao. Bango moja lilidai kwamba afadhali ukoloni. Hoja yao, ukiondoa hasira, haikuwa ya kipuuzi: mbona sisi tukatwe, na mawaziri wanaokula mishahara minono je?

Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawaka. Wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao, akiwamo Samuel Sitta, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Lakini hapohapo Mwalimu akakubali kuwa mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno, na akakata wa kwake kwa asilimia 20. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha na masharti yake kwa viongozi. Wengi wa waliofukuzwa walisamehewa baadaye wakarudi darasani.

Kwa maoni yangu, somo kubwa la uongozi katika historia ya JKT halikutolewa kambini. Lilitolewa siku ile, pale mkubwa alipoulizwa "na wewe je?" akaanza na mfuko wake mwenyewe.

Azimio la Musoma la 1974 likakaza zaidi: kwanza JKT na kazi, ndipo chuo kikuu. Mtoto wa waziri na mtoto wa mkulima wakapanga foleni moja ya ugali na maharage. Wazee waliopita huko mpaka leo wanajuana kwa majina ya operesheni zao. Mwaka 1994 mpango ukasitishwa. Haukushindwa kwa hoja, fedha zilikosekana. Ukarudi 2013, safari hii kwa miezi, si miaka.

Sasa tujiulize. Msomi wa 1966 alisomeshwa kwa kodi ya mkulima na kazi ilikuwa inamngoja, hivyo Mwalimu alikuwa na haki ya kumdai. Kijana wa leo anasoma kwa mkopo, akipata ajira anakatwa asilimia 15 kila mwezi, na ajira yenyewe hana uhakika nayo. Bado anadaiwa?

Mimi nasema ndiyo, anadaiwa. Shule aliyosoma na barabara aliyopita havikujengwa kwa mkopo wake, na miezi mitatu ya kulala bweni moja na mtu wa mkoa usioujua haijamwua mtu moyo wa utaifa. Ila swali la 1966 lisizikwe: ukimwambia kijana wa miaka 18 ajitolee, awe na haki ya kukugeukia na kuuliza wewe umekatwa kiasi gani.

Au mnasemaje, wadau?