Kiwambo si Kioo

Ukipeleka laptopu isiyoonyesha picha kwa fundi, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, hukumu huwa fupi: kioo kimekufa. Neno hilo lilirithiwa kutoka enzi ya televisheni za kichogo, na kwa televisheni zile lilikuwa sahihi kabisa. Kioo kilikuwa ndicho kifaa chenyewe, chupa nzito iliyoondolewa hewa, ambayo upande wake wa mbele ulichorwa picha na miale ya elektroni. Kikifa, hapakuwa na la kujadili. Kwenye laptopu, kioo ni kipande kimoja kati ya kadhaa, na mara nyingi kizima kabisa. Lakini mteja anayesema kioo kwa kila kitu ataishia kulipia kioo, hata pale palipohitajika waya.

Waandishi wa istilahi wana neno lingine, kiwambo, na wapo wanaoandika kiwamba. Limetoka kwenye kitenzi kuwamba, yaani kutandaza ngozi juu ya mzinga na kuikaza. Ndiye yule mwamba ngoma wa methali, ambaye ngozi huivutia kwake. Kilichowambwa ni kiwambo. Mitaani neno hili halijashika. Watu husema skrini, na ile ya mezani huiita monita, nami sina ugomvi na yeyote kati yao. Ninachotaka ni kwamba kiwambo kipewe kazi yake: kitaje kile kifurushi chote kilichobanwa ndani ya fremu ya mfuniko wa laptopu, tabaka juu ya tabaka, na kioo kibaki kuwa kioo.

Tabaka zenyewe ni hizi. Nyuma kabisa kuna taa. Mbele yake kuna karatasi za plastiki zinazoutawanya mwanga ili usiwe na mabaka. Kisha kuna kichujio kinachopitisha mwanga unaotetemeka upande mmoja tu, kisha vioo viwili vyembamba vilivyobana fuwele za kimiminika, halafu kichujio cha pili. Tabia ya ajabu ya vitu hivi ilionwa mwaka 1888 mjini Prague na mtaalamu wa mimea, Friedrich Reinitzer. Aliyeyusha kitu kilichotokana na kolesteroli, kikawa kimiminika chenye ukungu kwenye nyuzijoto 145.5, na alipozidi kukipasha, ukungu ukatoweka kwenye 178.5. Kilichopo kati ya hapo hutiririka kama maji lakini molekuli zake zimejipanga kama za fuwele, na ukizipitishia umeme hugeuka. Zikigeuka huamua mwanga upite au uzibwe, na hapo ndipo picha inapozaliwa.

Fuwele hizo hazitoi mwanga hata kidogo. Kiwambo cha 1920 kwa 1080 kina nukta 2,073,600, kila moja ikiwa na vijichujio vitatu vya rangi, nyekundu, kijani na buluu, na zote hukaa gizani taa ikizimika. (Viwambo vya OLED ni habari nyingine, kwa kuwa kila nukta hujiwakia yenyewe.) Taa hiyo naiita taa ya nyuma. Wapo wanaopendelea mwanga wa nyuma. Mwanga, hata hivyo, ni matokeo, na hakuna fundi anayeweza kufungua mashine akautoa mwanga na kuubadilisha. Taa ina waya, ina fyuzi, huungua.

Ukishalijua jina hilo, jaribio la kwanza linakuja lenyewe. Washa laptopu, punguza mwanga chumbani, kisha mulika kiwambo kwa tochi ya simu, ukiishika mshazari na karibu. Ukiona vivuli hafifu vya ikoni na maandishi, basi picha ipo na kilichokufa ni taa. Mashine za zamani zilitumia kijitaa chembamba cha gesi kilichohitaji volti mamia kadhaa kutoka kwenye saketi ndogo iliyokaa pembeni ya kiwambo, na mara nyingi saketi hiyo iliungua kabla ya taa yenyewe. Asiye fundi asiiguse saketi hiyo mashine ikiwa imewashwa. Siku hizi taa ni mstari wa LED, na kinachokatika chaweza kuwa fyuzi ndogo kuliko punje ya mchele, iliyo kwenye mazabodi, yaani bodi kuu. Kuna pia kihisi cha mfuniko, ambacho hutambua sumaku ili kujua kama umeufunga. Bangili ya sumaku, au simu yenye kava la sumaku iliyowekwa kando ya kibodi, yaweza kukidanganya, na kiwambo kikazima ilhali hakuna kilichoharibika. Vua bangili kabla hujafungua pochi.

Kati ya kiwambo na mazabodi hupita utepe wa nyaya nyembamba sana, ambao mafundi huuita fleksi. Hupitia kwenye bawaba, mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu kila ukifungua na kufunga mfuniko huwa unaukunja. Dalili yake haifichiki: picha hucheza au hubadilika rangi unapousogeza mfuniko, na pembe fulani ikipatikana hutulia. Utepe kwa kawaida ni wa bei ndogo kuliko kiwambo. Wakati mwingine haujakatika, umechomoka tu.

Mistari ya wima isiyobadilika hata ukiutikisa mfuniko ni jambo jingine. Kingo za kioo zimegandishwa vipande vya saketi vinavyopeleka amri kwa safu za nukta, na vikibanduka, safu hukosa amri. Hapo kweli kiwambo kinabadilishwa. Kuna jaribio jepesi la kuthibitisha, nalo silioni likitumika sana: piga picha ya skrini kwa kitufe cha kibodi, ujitumie kwenye simu. Ikifika bila mistari, kompyuta inatengeneza picha safi na kwa kawaida kasoro iko kwenye utepe au kiwambo. Mistari ikionekana hata simuni, lawama iko kwenye programu au kwenye chipu ya picha, na kununua kiwambo kipya ni kutupa fedha.

Monita ya nje hutoa ushahidi wa aina hiyohiyo. Ichomeke, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague picha ionekane kote kuwili. Ikiwa safi, chipu ya picha haina hatia. Ikiwa na kasoro zilezile za kwenye laptopu, jaribu kwanza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, maana huwasha upya kiendeshi cha picha bila kuzima mashine.

Monita isipoonyesha chochote, usikimbilie kuihukumu laptopu. Tundu la VGA, lililokuja na kompyuta za IBM mwaka 1987, husafirisha picha kwa mawimbi ya analogi. HDMI ni ya dijitali. Kebo tupu yenye kichwa cha HDMI upande mmoja na cha VGA upande wa pili haibadilishi kitu. Lazima katikati kuwe na kigeuzi chenye chipu. Tundu la USB-C nalo ni mtego, kwa sababu umbo ni lilelile hata kama ndani hakuna njia ya picha. Tafuta alama ya DisplayPort au ya radi ya Thunderbolt pembeni yake, au usome maelezo ya modeli. Na picha ikipatikana lakini kishale cha kipanya kinarukaruka kwenye monita ya 4K, angalia kiwango cha kuonyesha upya, yaani mara ngapi picha huchorwa kwa sekunde. Tundu la HDMI 1.4 huishia mara 30 kwa ukubwa huo. Ukishusha hadi 1920 kwa 1080, litafikia 60.