Bonnie wa TV na wazee wa Kinondo

Ndiyo, naitazama The Vampire Diaries sasa hivi. Ilianza 2009, ikaisha 2017, misimu 8. Nyinyi mlimaliza kitambo, msinicheke.

Swali langu ni hili: Bonnie, yule mchawi, akichota nguvu kwa mababu na kwa maumbile tunasema ni kali. Mzee wa Kidigo akitaja mizimu ya msituni pale Kaya Kinondo, Diani, tunasema ushamba. Kwa nini?

Kaya zilikuwa vijiji vyenye ngome ndani ya msitu. Watu walipohama, yakabaki makaburi na miiko: usikate mti, usitoke na hata jani. Mgeni hadi leo hufungwa kaniki ndiyo aingie. Mwaka 2008, Bonnie hajaonekana bado, UNESCO iliziweka kaya za Wamijikenda kwenye urithi wa dunia, Kinondo ikiwemo.

Sasa angalia ufuo wa Diani: hoteli, ploti, hoteli. Hekta 30 hivi za Kinondo zimesimama kwa sababu watu waliheshimu mwiko. Usiamini mizimu, sawa. Lakini mwiko umelinda miti kuliko seng'enge.

Una nyanya Msambweni? Muulize kaya yenu ni ipi, na miiko yake. Netflix itakungoja.